“Hook up”: kuunga mashine, kuunga watu, na pale ulimi unapoteleza

Jambo yenu wote, wapapa na wamama, wakubwa na wadogo zetu.

Tumeombwa kuzungumza juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza cha mazungumzo, “hook up”. Ni herufi sita tu. Asubuhi kinamtumikia vizuri fundi wa umeme, na jioni kinamtia aibu mama wa biashara aliyetaka kupanga saa ya kukutana na muuza vipuri. Tunakipa muda mrefu kwa sababu makosa yake hayasahihishwi na mtu. Msikilizaji anashtuka, ananyamaza, na wewe unaondoka bila kujua umesema nini.

Hapa Lubumbashi shule inatufundisha kwa Kifaransa, nyumbani na sokoni tunasema Kiswahili, na Kiingereza kinatufikia zaidi kwa barabara ya Kasumbalesa, mji wetu wa mpaka na Zambia. Kinakuja na madereva wa Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, na wasimamizi wa migodi ya Kolwezi na Likasi, na maduka ya Ndola na Kitwe huko Zambia, na simu zilizo mikononi mwa vijana. Kiingereza hicho hakikupita darasani. Mwalimu alitupa “connect” kwa kuunganisha, “meet” kwa kukutana, “introduce” kwa kutambulisha, “get” kwa kupata. Mtu aliyezoea Kiingereza cha mitaani anaweza kuzisema kazi zote nne kwa “hook up” moja.

“Hook” peke yake ni kulabu au ndoano, kipande cha chuma kilichopindwa ili kishike kitu. Kiswahili kikitaka kubadili kazi ya kitenzi kinabadili mkia wake: unga, ungana, unganisha, unganishwa, unganishia. Kiingereza hakina mikia ya namna hiyo. Kinaweka kineno kidogo baada ya kitenzi, kama “up”, “out”, “off” au “in”, na maana inageuka. Katika kitenzi chetu “up” haisemi juu. Inaonyesha kwamba kazi ya kuunga imekamilika na vitu vimeshikana, kama ilivyo katika “tie up”, “link up” na “join up”. Msaidizi wa kreni akiambiwa “hook it up”, ameambiwa afunge mzigo kwenye kulabu. Hajaambiwa aunyanyue. Kunyanyua kuna amri yake, “lift”, na ni vizuri tofauti hiyo ijulikane kabla mtu hajaweka mkono karibu na mnyororo.

Tuanze na vyombo, maana huko ndiko kitenzi kilipo salama.

“Hook up the generator” ni kuunganisha jenereta. Mafundi wetu husema kubranshe, neno tulilolichukua katika Kifaransa, na kwa kweli kubranshe ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi: unabranshe pampu, antena, betri, kompyuta. Maji ya REGIDESO au umeme wa SNEL ukifika kwenye nyumba, nyumba “is hooked up”. Tazameni sentensi hii ndefu kidogo: “In 1982 Katanga was hooked up to the Inga dam by a power line about 1,700 kilometres long.” Yaani mwaka 1982 Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, iliunganishwa na bwawa la Inga kwa laini ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi. Ndani yake mna muundo wote tunaouhitaji. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, “was hooked up”. Kinafuatwa na “to”. Na baada ya “to” kinakaa chanzo cha nguvu. Hospitalini ni vilevile. “She is hooked up to a drip” ni mgonjwa aliyetiwa seromu. “He is hooked up to oxygen” ni mgonjwa anayepumua kwa oksijeni ya mashine.

Wengi wanakichanganya na “plug in”. Hiyo ni kuchomeka plagi kwenye prizi, tendo moja la sekunde mbili. “Hook up” ni kazi nzima pamoja na nyaya, mipira, mabomba na skrubu zake. Simu unai-“plug in”. Mashine ya kufulia unai-“hook up”, kwa sababu ina mpira wa kuingiza maji, mpira wa kutoa maji machafu, na waya wa umeme, vyote vitatu. Na hakuna kati ya vitenzi hivi viwili kinachosema kwamba chombo kinafanya kazi. Bosi akiuliza “Is the pump hooked up?” na fundi akajibu “Yes”, pampu imefungwa tu, huenda hata swichi haijaguswa. Kujua kama maji yanatoka kuna swali lake, “Is it running?” Mkalimani anayempelekea mteja habari kwamba “pampu inatoa maji”, wakati fundi alisema “hooked up” tu, amepotosha ripoti, na lawama itamwangukia fundi.

Kwenye maegesho ya malori ya Kasumbalesa, kitenzi hiki ni cha remorki. “Hook up the trailer” ni kuifunga remorki kwenye kichwa cha lori, na dereva mzoefu anasikia ndani ya maneno hayo mlolongo mzima: kurudi nyuma taratibu mpaka pini ya remorki iingie kwenye sahani ya kichwa cha lori na kufuli ijifunge, kuunganisha mipira miwili ya hewa ya breki, kuvuta kidogo mbele huku breki za remorki zimeshikwa, ili kuhakikisha kufuli haiachii, kuchomeka waya wa taa, kisha kuinua miguu ya remorki. Msimamizi akiuliza “Are you hooked up?” anauliza yote hayo. Dereva aliyefunga pini na kusahau mpira mmoja wa hewa hawezi kujibu “yes”. Huko huko utasikia sentensi isiyo na kitu chochote baada ya kitenzi: “I hooked up at six and left.” Remorki haikutajwa kwa kuwa kila mtu pale anaijua. Shikeni mfano huo, tutaurudia.

Kufungua nako kuna maneno yake. Hakuna “hook down” wala “hook off”. Remorki na mzigo wa kreni unavi-“unhook”. Umeme na maji unavi-“disconnect”. Plagi unai-“unplug”.

Kuna kosa moja la mpangilio ambalo linamfichua mgeni wa lugha mara moja. Kitu kinachoungwa kinaweza kukaa baada ya “up” au katikati: “hook up the printer” na “hook the printer up” zote ni sahihi. Lakini kitu kikigeuka kuwa “it”, “them”, “me” au “him”, lazima kiingie katikati: “hook it up”. “Hook up it” haisemwi kabisa. Sababu iko katika sauti. Uzito wa kitenzi hiki unaangukia “up”, na vineno vyepesi kama “it” haviwezi kubaki nyuma ya neno zito. Vinavutwa kabla yake. Upande wa pili, kitu chenye jina refu hakipendezi katikati. “Hook up the new pump we bought in Kitwe last month” inatiririka. Ukiipeleka “up” mwisho wa sentensi hiyo, msikilizaji anachoka kuisubiri.

Sasa tufike kwenye kiini. Shida yetu kubwa na “hook up” iko katika herufi mbili za Kiswahili: na. Pampu imeunganishwa na jenereta. Mteja ameunganishwa na muuzaji. Nitakutana na muuzaji. “Na” moja inabeba yote bila kulalamika. Kiingereza kinaigawa. Kitu kinaungwa “to” kitu. Mtu anaungwa “with” mtu, au anapatiwa kitu kwa “with”. Anayefikiri kwa Kiswahili na kusema kwa Kiingereza anaweka “with” kila mahali. Akisema “hook the pump up with the generator”, jenereta inasikika kama chombo cha kufungia, kana kwamba ni waya au bisibisi. Anayefikiri kwa Kifaransa ana kosa lake tofauti. Kwa Kifaransa unabranshe kitu “sur” kitu kingine, kwa hiyo anasema “hook the printer up on the computer”, na picha inayokuja ni printa iliyotundikwa juu ya kompyuta. Printa na kompyuta zinataka “to”. Kama mtaondoka leo na jambo moja tu, liwe hilo la “to” ya vitu na “with” ya watu, kwa sababu upande wa watu ndiko tunakoelekea na ndiko kuna utelezi.

Kwa watu, maana ya kwanza ni kupatiana. “My cousin hooked me up with a job in Kolwezi”: binamu yangu alinipatia kazi Kolwezi. “He hooked us up with cheap tyres”: alitupatia matairi ya bei nafuu. Muundo wake ni kitenzi, mtu, “up”, “with”, kisha kitu kilichopatikana. Aliyefaidika ndiye anayekaa katikati. Ndani ya maneno haya mna ladha ya fadhili: bei imepunguzwa, foleni imerukwa, au kitu kimetolewa bure kwa ajili ya kujuana. Kwa hiyo kwa rafiki mwenye duka la simu ni neno zuri na la upole. Mbele ya dirisha la forodha ni neno baya. “Can you hook me up?” ukimwambia afisa inasikika kama ombi la njia ya mkato, hata kama ulichotaka ni fomu tu. Hapo sema “Could I have the form, please?” na hakuna atakayekutazama kwa jicho la shaka.

Maana ya pili ni kumkutanisha mtu na mtu. “I can hook you up with a good mechanic” ni ahadi ya kukuunganisha na fundi mzuri. “I want to hook you up with my sister” ni nia ya kukutafutia mchumba, na dada ndiye anayekusudiwa. Muundo ni mmoja. Tazama tu jinsi mtu wa mwisho alivyotajwa. Akitajwa kwa kazi yake, kama fundi, wakili au muuzaji wa jumla, ni huduma. Akitajwa kwa undugu, au kwa jina tu bila kazi, sikiliza vizuri zaidi, kwa sababu mara nyingi ni habari za moyo.

Maana ya tatu ndiyo ya hatari. Hapa hakuna mtu katikati: “hook up with somebody”. Kwa Wamarekani wengi wa umri mkubwa, “Let's hook up next week” bado ni “tukutane wiki ijayo” na hakuna zaidi. Lakini kwenye vyuo vya Marekani, kuanzia miaka ya 1980 na kwa nguvu zaidi miaka ya 1990, vijana waliyapeleka maneno hayo kwingine. Watu wawili “hook up” wanapokaribiana kimwili bila ahadi ya uchumba. Kiasi cha kukaribiana hakisemwi. Linaweza kuwa busu, linaweza kuwa tendo lenyewe, na mara nyingi msemaji ameuchagua ukungu huo makusudi. Filamu, muziki na programu za simu za kutafuta wapenzi, kama Tinder iliyoanza mwaka 2012, zimeieneza maana hiyo mbali na ilikozaliwa. Nigeria imekwenda mbali zaidi: katika mazungumzo ya vijana wa huko, “hookup” imebeba maana ya mapenzi ya kulipwa. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeandikiana na wenzake wa Lagos anapaswa kujua hilo kabla ya kuandika neno hilo popote.

Tusiwacheke wenye lugha yao. Kiswahili chetu kina njia hiyo hiyo. Ukisema “nilitembea na Kapinga hadi sokoni”, hakuna anayeinua kichwa. Ukisema “natembea na Kapinga”, mama mkwe anaacha kupepeta unga. Kitenzi ni kimoja. “Hadi sokoni” ndiyo iliyokulinda. Hata kukutana, neno safi kabisa, linabadilika rangi likifuatwa na “kimwili”. Anayeelewa kwa nini “kutembea na” kunahitaji sokoni, shambani au kazini pembeni yake, ameelewa “hook up with” tayari.

Wekeni sentensi hizi mbili kando kwa kando. Ya kwanza: “Please hook me up with a driver.” Naomba unipatie dereva. Ya pili: “I hooked up with a driver.” Kijana yeyote anayeishi na Kiingereza cha intaneti ataisikia kwamba msemaji alikuwa na dereva huyo kimapenzi. Tofauti ni “me” katikati, herufi mbili. Karani wa ofisi ya usafirishaji anayemwandikia bosi wake wa Johannesburg sentensi ya pili, akitaka kusema kwamba amempata dereva na mzigo utaondoka, amejisemea jambo ambalo halikutokea. Alichohitaji kuandika ni “I have found a driver.” Maneno matano ya “find” yanafanya kazi vizuri kuliko mapambo ya mtaani.

Zipo alama za kusaidia masikio. Safari au kazi ikitajwa, maana ya kukutana inashinda: “We hooked up in Ndola and drove to Durban together” ni madereva wawili waliokutana njiani na kuendelea pamoja. Usiku, sherehe au pombe ikitajwa na kazi isitajwe, maana ya mapenzi inashinda: “They hooked up after the party.” Wakati nao unasema. Mpango wa baadaye, kama “let's hook up on Monday”, bado unaweza kuwa wa kawaida, hasa kinywani mwa mzee. Jambo lililopita kati ya watu wawili, “they hooked up”, mara nyingi si la kawaida. Na sasa turudi kwa dereva wetu wa Kasumbalesa aliyesema “I hooked up at six and left.” Mbele ya madereva wenzake sentensi yake ni habari ya remorki tu. Akiituma kwa simu kwa mtu asiyejua malori, ni sentensi nyingine. Aongeze maneno mawili, “the trailer”, na shaka inakwisha.

Ushauri wetu hauna nusunusu: usitumie “hook up with” kupanga kukutana na mtu, hata rafiki. Uelewe ukisikia, usiutamke. Wapo walimu wanaosema huo ni woga, kwamba muktadha unatosha. Muktadha unatosha watu wakiongea uso kwa uso, ambapo macho na sauti vinasaidia. Ujumbe wa simu hauna macho. Na mwanamke anayefanya biashara peke yake mbali na nyumbani hulipa kosa hili kwa bei kubwa kuliko mwanamume: mtu anaweza kulichukua neno lake kama mwaliko na kumsumbua. Kwa sababu hiyo tunalisisitiza mno mbele ya mabinti zetu na wamama wa biashara.

Tuchukue ujumbe wa kawaida. “Good morning sir, I am in Kitwe, I want to hook up with you at 10 for the spare parts.” Nia ni njema, adabu ipo, na bado mpokeaji anaweza kuduwaa. Usahihishaji wake: “Good morning, sir. I am in Kitwe. Could we meet at 10 to look at the spare parts?” Tumebadili mambo mawili. “Hook up with” imekuwa “meet”, na “I want”, ambayo kwa Kiingereza ni kavu kwa mtu usiyemjua, imekuwa “could we”. Kwa rafiki unaweza kusema “meet up”, “get together” au “see you at ten”. Ukitaka mtu akutambulishe kwa mwingine, “put me in touch with” ni safi ofisini na kwenye barua. Ukitaka kupatiwa kitu, “get”, “find” na “arrange” zinatosha. Na kwa mashine, kwenye ripoti, mtihani au barua ya kuomba kazi, andika “connect” au “install”. “Hook up” ibaki kwenye mazungumzo ya karakana.

Hata hivyo, wapo mafundi wanaokutana na neno hili kwenye karatasi rasmi kabisa, na wasishtuke. Kwenye viwanda vya kuchakata madini, “hook-up drawing” ni mchoro unaoonyesha jinsi kipimo, kwa mfano cha shinikizo au cha mtiririko, kinavyofungwa kwenye bomba: valvu ipi, kiungo kipi, bomba dogo la ukubwa gani. “Hook-up wire” kwenye roli la waya ni waya mwembamba wenye ganda, wa kuunganishia sehemu ndani ya vyombo vya elektroniki. Kwenye kambi za magari ya safari yenye nyumba ndani, huko Marekani, kibao cha “full hookup” kinaahidi maji, umeme na bomba la majitaka mahali pa kuegesha. Enzi za redio, miaka ya 1930, Wamarekani waliita “nationwide hookup” vituo vya nchi nzima vilivyounganishwa ili kurusha matangazo mamoja. Na washonaji watakutana na “hook me up at the back”, ambayo ni kumfunga mtu agrafu, yaani vikulabu vidogo, za nyuma ya gauni, jambo la heshima kabisa ingawa ina “me” na “up” zilezile.

Wakalimani, tuna neno lenu peke yenu, hasa ninyi mnaokaa kati ya watu wawili kwenye malalamiko kazini au kwenye uchunguzi. Shahidi akisema “they hooked up”, usiandike “walilala pamoja”. Kiingereza hakikusema hivyo. Usiandike “walikutana” pia, kwa sababu huenda umefuta jambo zima lililokuwa linaulizwa. Omba ruhusa uulize: “Do you mean that they met, or that they were intimate?” Akijibu, tafsiri jibu. Akikataa kujibu, tumia maneno yenye ukungu uleule, “walikuwa pamoja”, na umjulishe anayeendesha kikao kwamba neno la asili lina maana zaidi ya moja. Kujaza ukungu wa mtu mwingine kwa dhana yako kunaweza kumgharimu kazi au ndoa.

Matamshi hayatachukua muda. “Hook” ina u fupi, imekatwa haraka. Usiivute hadi ikawa “huuk”, na usimalizie kwa i, “huki”. Sisi wa huku tuna tabia ya kumeza h, tunasema “apa” badala ya “hapa”, na Kifaransa kinatupa kibali cha kuimeza zaidi, kwa hiyo “hook up” inatoka “ukap” na Mzambia anaomba urudie. Pumzi ya h lazima isikike. Wakati uliopita, “hooked up”, mwisho wake ni t, na t hiyo inarukia neno linalofuata: “huk-tap”, mapigo mawili tu. Kikiwa kitenzi, uzito uko kwenye “up” na kinaandikwa kwa maneno mawili. Kikiwa nomino, uzito unahamia mwanzo, “HOOKup”, na kinaandikwa pamoja au kwa kistari.

Kuhusu ndugu zake, matatu ya kujihadhari nayo. “Hooked on” ni kutekwa na kitu hadi huwezi kukiacha, kama pombe au mchezo wa simu. “He is hooked on” na “he is hooked up to” zinatofautiana kama mlevi na mgonjwa. “Off the hook” ni kuondolewa lawama au wajibu. Na anayefunga mizigo kwenye kulabu ya kreni usimwite “hooker” kwa kufuata kanuni ya “drive, driver”. Neno hilo ni kahaba. Yeye ni “rigger” au “slinger”.

Tumalizie kwa zoezi fupi mtakaloenda nalo nyumbani. Chukueni maneno matatu, “Hook her up.” Daktari akimwambia nesi huku ameshika bomba la seromu, ni kumwunga mgonjwa kwenye dawa. Mwenye duka akimwambia kijana wake mteja amesimama, ni kumpatia mteja anachotaka, pengine kwa bei ya urafiki. Shangazi akisema huku anacheka sebuleni, ni kumtafutia binti mchumba. Na akiyasema mtu kwenye simu, humwoni na hujui alipo, muulizeni kwa upole kabla ya kufanya lolote: “To what, or with whom?”